Nyama Isiyo na Shingo

Mwanakombo alifia Gombani, nyumbani kwa mwanawe, na mimi nikapata habari kwa simu wakati maiti imeshatolewa. Sikuwahi kuzika, nikawahi hitima. Nilikaa ukumbini pamoja na wanawake wengine, juu ya mkeka mpya ulionukia ukindu, juzuu mkononi, miguu ikiniuma kwa safari ya gari kutoka Mtambile. Mama mmoja wa makamo aliyekaa ubavuni mwangu alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, weye n'nani kwa marehemu?" Nikamwambia jirani. "Jirani wa wapi? Miye niko hapa miaka yote, sikujui." Nikamwambia jirani wa zamani, kule upande wa Wambaa, tulikaa ua kwa ua mwaka mmoja. Akashangaa. "Mwaka mmoja tu, ukaja mbio na miguu hiyo?" Nilitabasamu nikarudi kwenye juzuu yangu, macho yakipita juu ya herufi bila kuzishika. Kutoka uani kulikuja harufu ya nyama inayochemka na bizari, na sauti za wanawake wakigombania mwiko, na mimi nikawa nimeshaondoka Gombani.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule uliofuata uchaguzi wa kwanza, enzi za Mwingereza. Nitaueleza kwa mpangilio, maana nimewasikia wengi wakiusimulia kwa kuanzia mwisho, na ukianzia mwisho huoni kitu ila siasa. Nilipelekwa pale bi harusi, karafuu za vuli zikiwa bado zimeanikwa majamvini. Nyumba ya mume wangu Hamad ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na ukumbi; chumba kimoja chetu, cha pili cha mavyaa wangu, mama yake Hamad, Bi Raya. Nyuma palikuwa na ua wa makuti uliozunguka jiko. Ua huo ndio uliotutenga na Faki na mkewe Mwanakombo, na haukututenga sana. Makuti yalikuwa yale yale, upande huu nikiyaona mimi, upande ule akiyaona yeye. Karibu na mafiga yangu kuti moja liliachwa bila kufungwa, na hapo ndipo wanawake tulipopita ili tusizunguke mbele kwenye baraza za wanaume. Moto wangu ukizimika asubuhi nilipitisha mkono na kifuu, kikarudi kina kaa. Chumvi ilipita hapo, pilipili zilipita hapo. Maneno hayakuhitaji hata uwazi. Ukikohoa jikoni kwangu, Mwanakombo alikwambia pole.

Alikuwa amenizidi miaka michache, mrefu, meno ya mbele yameachana, na alicheka kwa mwili mzima mpaka mtoto aliyembeba mgongoni akaruka ruka. Ndiye aliyenifundisha kupika shingo ya paa, na hapa lazima nieleze kwa nini mwari kama mimi alihitaji kujua kupika shingo kuliko kitu kingine chochote. Hamad alikuwa mkulima kama wenziwe, lakini mji ulikuwa umempa kazi moja ya ziada: yeye ndiye aliyeshika kisu cha wasasi, wawindaji wa mji. Nyuma ya mji wetu kulikuwa na mwitu wa maweni, vichaka juu ya mawe makali, na humo walikaa paa, wadogo, wekundu, wepesi kama kitu kilichorushwa. Wakati wa kaskazi wanaume walitoka pamoja kwa siku walizokubaliana, wakatandaza nyavu upande mmoja, mbwa wakaingia upande wa pili. Paa akinasa, Hamad alikimbia kumuwahi angali na roho, akamuelekeza kibla, akachinja kwa Bismillahi. Asipomuwahi, aliyekufa wavuni aliachiwa mbwa, hata awe amenona vipi. Kisha nyama iligaiwa mjini kwa kila nyumba, na kila sehemu ilikuwa na mwenyewe. Shingo ilikuwa ya mchinjaji. Ikiingia jikoni kwetu na alama ya kisu, mji mzima ulikula kwa moyo mkunjufu. Hapakuwa na mtu aliyeuliza zaidi ya hapo. Wakiletewa bakuli walisema, "Nani kachinja?" Wakiambiwa Hamad, walifunua kawa.

"Shingo haina haraka, shoga," Mwanakombo aliniambia siku ya kwanza, akiinama juu ya chungu changu. "Ukiiharakisha itakung'ata weye badala ya weye kuing'ata." Akanionyesha kuikata kwenye maungo, kuitia ndimu na tangawizi, kuiacha kwenye moto wa kuni mbili mpaka mchana utulie, ndipo utie tui. Kaskazi yote ile nilipika shingo. Nilipika mpaka nikaanza kuziota. Ndiyo maana mimi, mgeni nisiyetoka uani, nilijua idadi ya paa waliochinjwa kuliko mwanamume yeyote barazani. Kila mmoja wao alipita kwenye chungu changu.

Faki naye alikuwa miongoni mwa wasasi, mwenye wavu wake. Nyumbani alikuwa fundi baiskeli. Alikuwa mtu wa sauti laini, mcheshi, asiyekwisha tabasamu, na chini ya upenu wake palikuwa na msumari ulioning'inizwa waya kuukuu za breki, zimekunjwa duara duara kama mikate ya sinia. Niliziona kila nilipopita kwenye lile kuti. Masika ilipokaribia, wasasi waliteremsha nyavu, wakaziosha, wakazifunga darini. Mwitu ulifungwa. Majike yalikuwa na mimba au na watoto, na hakuna aliyeingia mpaka mvua ziishe na wazee waseme tena. Ama mitego ya kitanzi, hiyo haikuruhusiwa msimu wowote. Mnyama hunyongeka peke yake huko mwituni, hakuna ajuaye saa ngapi, na hakuna kisu.

Sasa siasa. Baada ya kura zile, mji wetu ulianza kupasuka kimya kimya, kama chungu kinachopata ufa kikiwa motoni. Hamad alikuwa upande mmoja, Faki upande wa pili. Vyama vyenyewe sina haja ya kuvitaja. Kulikuwa na maduka mawili, na watu wakaanza kuchagua duka la kununua kibiriti. Kulikuwa na wanaume wawili waliosalimiana tangu utotoni, wakaanza kupishana kila mmoja akitazama upande wake wa njia. Alikufa mzee mmoja, jeneza likachukuliwa na watu wachache hata tukasikia aibu sisi wanawake tuliokaa ndani. Niliposema hayo jikoni, Mwanakombo alipuliza moto akasema, "Siasa yao waikalie barazani. Kuno jikoni chama chetu kuni." Nilicheka sana. Sikumwona akicheka tena kwa namna ile.

Mvua za mwanzo zilipoanguka, Hamad alishikwa na homa. Alilala kitandani akitetemeka chini ya mablanketi, na mimi nikawa nakamua kitambaa cha maji ya siki na kumwekea kipajini. Ilikuwa asubuhi, mvua imepumzika, matone bado yanaanguka kutoka makutini. Nikasikia sauti ya Bi Sharifa, mjane aliyekaa chini kidogo na watoto wake, ikitoka uani kwa Faki. "Paa masika hii? Mwitu si umefungwa?"

Alijibu Faki, kwa ile sauti yake laini. "Kaja mwenyewe shambani kwangu, kala kunde zangu. N'mwache?"

"Na nani kachinja?"

"Kachinja nani tena? Hamad, alfajiri hii."

"Ah, kama kachinja Hamad, nitilie. Watoto hawajaona kitoweo tangu juzi."

Nilimtazama mchinjaji. Meno yalikuwa yanagongana, jasho limeloanisha mto, hata jina langu hakuweza kulitamka vizuri. Nilikwenda jikoni nikasimama. Chungu changu cha shingo kilikuwa kimefudikizwa juu ya kichanja, kikavu, na buibui ameanza kuzungusha uzi mdomoni mwake. Kisha nikatazama kupitia kwenye kuti lile. Msumarini kwa Faki, waya zilikuwa zimepungua.

Watu wa leo nikiwahadithia huniuliza, kwa nini hukusema palepale? Wanauliza kwa sababu hawakuuona mwaka ule. Kosa la Faki lilikuwa wazi. Aliingia mwitu uliofungwa, akatega waya, akawalisha watu nyamafu na kuwafichia kwa jina la mume wangu. Lakini mwaka ule kosa halikuwa na uzito wake lenyewe. Lilipimwa kwanza kwa chama. Mimi ningesema Faki katega, nusu ya mji ingesema mke wa Hamad anamchafua Faki kwa sababu ya kura, na nusu ya pili ingechukua mapanga kwa sababu hiyo hiyo, bila hata mmoja wao kuuliza habari za paa. Na kama lingejulikana bila mimi kusema, jina lililotajwa kwenye kila bakuli lilikuwa la Hamad. Watu wangesema mchinjaji ndiye aliyewalisha haramu. Jina lile ndilo tulilokuwa nalo. Shamba lilikuwa la urithi wa watu wengi na nyumba ilikuwa ya udongo. Nikanyamaza, nikatazama.

Nilichoona ni mabakuli. Yalitoka uani kwa Faki mara kwa mara masika ile, yamefunikwa kawa, yakaenda nyumba hii na nyumba ile, na yakarudi na kitu ndani kama ilivyo ada, muhogo, au embe, au sukari kidogo katika karatasi. Kwetu halikuja hata moja. Bi Raya, mavyaa wangu, alikuwa na pua kali kuliko macho. Alikaa kwenye kibao chake akichambua mchele, akanusa. "Harufu inaingia," alisema, "bakuli haliingii." Akakaa kidogo. "Siasa imefika mpaka chunguni. Huyo Mwanakombo miye nimemkanda kwa uzazi wake wa kwanza, leo ananipitishia moshi!" Mimi nilijua si siasa, lakini ningeanzia wapi? Mwanakombo mwenyewe alikuwa ameacha kupita kwenye kuti. Nikipenyeza kifuu asubuhi, mkono ulikuja na kaa, uso haukuja. Siku moja nikaushika ule mkono. Nikamwambia, "Shoga, hunijui tena?" Akauvuta taratibu. "Nakujua," alisema kutoka upande wa pili. "Ndiyo maana." Nilisimama pale mpaka kaa likazimika kifuuni. Nyumba zote alizipelekea kwa amri ya mumewe, yetu akaikwepesha. Mji mzima ungeliona tusi, na lile ndilo jambo la mwisho la kirafiki aliloweza kunifanyia.

Bi Raya hakuwa mtu wa kumezea. Alilalamika kisimani, akalalamika dukani, akalalamika njiani kwa watu wasiokuwa na habari naye, mpaka maneno yakamfikia Faki. Na Faki, mtu wa sifa, hayakumpendeza. Alikuja barazani kwetu Hamad akiwa ameshapona, akasimama nje mvua ikimtiririka kwenye kofia, anacheka. "Bi Raya, umenitia aibu mji mzima! Haya, basi. Hitima ya mzee inakuja. Nyama juu yangu."

"Nyama gani?" Hamad akauliza.

"Nyama, bwana. Mbuzi hawana chama."

Hamad alicheka, wakashikana mikono, na nikaona mabega ya mume wangu yanashuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Aliamini ule ni mwanzo wa suluhu. Kila mwaka Bi Raya alimsomea mumewe hitima, na mwaka ule watu wengi walikuwa wakingoja kuona nani atakuja. Kuja nyumbani kwa Hamad, kula sinia moja na watu wa upande wa pili, lilikuwa jambo kubwa. Siku zilizobaki nilimsikia Hamad akiimba kasida chini chini akipalilia muhogo.

Siku ya hitima wanaume walikuwa msikitini. Uani kwetu tulijaa wanawake, moshi wa kuni mbichi ukitutoa machozi kabla ya wakati wake. Sufuria kubwa la kuazima lilikuwa juu ya mafiga, mafuta yamepata moto, vitunguu vimeanza kubadilika rangi. Mwanakombo akaingia kwa mlango wa nyuma, si kwenye kuti letu, na kapu kichwani. Akalitua. Ndani, kwenye majani ya mgomba, nyama ilikuwa imeshakatwa vipande. Haikuwa ya mbuzi. Mafupa yalikuwa membamba, na nyama nyeusi, damu imekaa ndani yake kama wino kwenye kitambaa.

"Kumbe paa!" akasema Bi Sharifa, amefurahi. "Na miye nikasikia mbuzi. Kachinja Hamad?"

"Kaniambia nikwambieni kachinja Hamad," alisema Mwanakombo. Nililisikia hilo kaniambia. Sidhani kama mwingine alilisikia. Hamad aliyekuwa msikitini alidhani mbuzi. Wanawake waliambiwa Hamad kachinja. Mimi pekee ndiye niliyesikia maneno yote mawili, na mafuta yalikuwa yanangoja.

Bi Sharifa alishika kapu kuinua. Nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Da Kombo, shingo ziko wapi?"

Wanawake wakacheka. "Mwacheni bi harusi!" akasema Bi Sharifa. "Kazizoea shingo huyu. Atazaa mtoto mwenye shingo ya bata!" Wakacheka tena. Mwanakombo hakucheka. Alikuwa ameshika kisu cha vitunguu, na mtoto mgongoni alikuwa amelala, kichwa kimelegea pembeni.

"Hazimo kapuni," alisema.

"Zimekwenda wapi?"

"Mize, mafuta yanaungua."

"Yaungue. Hamad akichinja, shingo huzipika miye. Tangu mvua ya mwanzo nasikia Hamad kachinja, Hamad kachinja, na chungu changu kina buibui. Nioneshe shingo, dada. Nikiiona nanyamaza."

Kicheko kilikatika. Bi Raya aliweka ungo chini. Nakumbuka sauti ya vitunguu vikiungua, na kuku mmoja aliyekuwa akikwaruza karibu na kapu, na Mwanakombo akimtazama yule kuku kana kwamba ndiye aliyemuuliza. Angeweza kusema shingo zimebaki nyumbani. Angeweza kusema zimeliwa na paka, tungelazimika kukubali. Mumewe angerudi msikitini muda si mrefu, na yeye ndiye angelala naye chini ya dari moja, si mimi. Akaweka kisu juu ya ubao.

"Nyama hii isipikwe," alisema.

Hakuna aliyemuuliza sababu. Bi Sharifa ndiye aliyezungumza, na hakuwa Bi Sharifa yule wa utani. "Na ile uliyonipa? Niliyowapa wanangu?"

"Na ile."

Bi Sharifa alitoka nje ya ua. Tukamsikia anatapika, ingawa nyama ile ilikuwa imeshatoka tumboni mwake siku nyingi. Mavyaa wangu alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona kwamba alikuwa mwanamke mrefu. Aliipua sufuria mwenyewe kwa kanga. Akaamuru kuku wakamatwe, wa kwetu na wa Bi Sharifa, na mjukuu wake mmoja kwa bintiye, kijana aliyeshajua kuchinja, akawachinje. Akaamuru samaki wakavu wa ng'onda waliokuwa darini warowekwe. Kapu likazikwa migombani pamoja na majani yake. Kisha akatugeukia. "Kilichosemwa humu kimesemwa jikoni. Kikitoka, hakitatoka peke yake, kitatoka na mapanga. Mmenisikia?" Tukasema tumesikia. Na nadhani ni kweli, siku ile hakikutoka. Wanawake wale walikuwa na waume wa pande zote mbili, na kila mmoja alirudi kwake na siri ile kama anayebeba maji kichwani bila kata.

Wanaume walirudi, wakasoma, wakala. Niliwaangalia kupitia kwenye upenyo wa mlango wa ukumbi. Walikaa kweli sinia moja, upande huu na upande ule, kama Hamad alivyotamani. Faki alinyosha mkono, akakuta bawa la kuku. Akaligeuza. Akatazama sinia la pili, akaona ng'onda. "Bi Raya kanibania nyama yangu!" alisema kwa sauti, watu wakacheka, naye akacheka, akala. Alikula vizuri. Lakini alipokuwa akinawa alitazama mlango niliosimama nyuma yake, na tabasamu lilibaki pale pale mdomoni kama kitu alichokisahau kukiondoa.

Baada ya siku ile ua wa pili ulikufa. Sijui neno jingine. Kulikuwa na moto, kulikuwa na mtoto akilia, lakini Mwanakombo hakusikika. Nilikohoa makusudi jikoni. Hakuna aliyesema pole. Nilipomwona kisimani alikuwa amejifunika mtandio mpaka puani, na jicho moja halikufunguka vizuri; nikamsogelea, akainua ndoo ambayo haijajaa akaenda zake. Na asubuhi moja, nilipoinama kupita kwenye kuti kumpelekea uji, kitu baridi kilinigusa shavuni. Waya wa breki. Ulikuwa umefungwa juu kwenye mti wa ua, na kitanzi chake kimening'inia katikati ya uwazi, wazi, mviringo, mahali kichwa cha mtu aliyeinama hupita. Haukuwa umefungwa kwa kumnyonga mtu. Hata mtoto angeliona hilo. Ulifungwa ili nijue umefungwa. Uji ulinimwagikia mguuni. Niliufungua ule waya, nikaufukia majivuni, nikalifunga lile kuti kwa kamba ya usumba mafundo mengi, na sikulifungua tena.

Hamad hakujua lolote mpaka Faki mwenyewe alipomtania barazani, mchana, watu wamekaa. "Hamad, mkeo ana macho mazuri. Mwambie ayatunze. Mwitu una miba." Hamad alikuja ndani akaniuliza maana yake. Aliuliza kwa upole, amesimama karibu na panga lililochomekwa ukutani, na nilijua nikianza na Faki tutamaliza na panga. Kwa hiyo sikuanza na Faki. Nilimshika mkono nikampeleka jikoni, nikamwonesha chungu. "Mara ya mwisho nimekupikia shingo lini?" Akafikiri. "Kaskazi." Nikamwambia, "Basi tangu kaskazi mji unakula kwa jina lako." Akakaa kwenye kibao cha mama yake. Panga lilikuwa chumbani, na alikaa jikoni mpaka nikajua hatalifuata.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alisimama. Sikuwepo, nimehadithiwa na Bi Sharifa aliyehadithiwa na kaka yake. Alitoa kile kisu cha wasasi kwenye ala, akakiweka kwenye mkeka mbele ya imamu. "Nimekichoka," alisema. "Tangu leo mtu akikwambieni Hamad kachinja, Hamad hakuchinja. Na masika nzima hii, hakuchinja." Wakamuuliza sababu. Akavaa viatu. Aliyeelewa alielewa, Faki alielewa, maana waya zikarudi msumarini siku chache baadaye, kavu, zikaanza kupata kutu. Lakini wengi walifasiri walivyozoea kufasiri. Hamad kakataa kuwachinjia watu wa upande wa pili, walisema. Basi na wao wakachagua mchinjaji wao. Upande wetu nao ukachagua wake. Kipupwe mwitu ulipofunguliwa, wasasi walitoka mafungu mawili, siku mbalimbali, na mbwa waliokuwa wakijuana wakaumana njiani. Bakuli likipita, watu hawakuuliza tena nani kachinja kwa kutaka kujua kama nyama ni halali. Waliuliza ili wajue wakubali au warudishe. Niliwaona watu wakirudisha nyama iliyochinjwa vizuri kabisa, kwa Bismillahi, kisha wakala muhogo mtupu. Yaliyokuja miaka michache baadaye, damu iliyomwagika kwa ajili ya siasa, hayakunishangaza kama yalivyowashangaza wengine. Nilikuwa nimeshaona visu viwili.

Faki hakuweza kukaa. Hakuna aliyemfukuza, alianza kuamkiwa kwa adabu mno, na mtu wa utani akiamkiwa kwa adabu huelewa. Karafuu za vuli zilipoanza kuiva walihamia Gombani, ambako alipata kazi ya baiskeli. Gari lilikuja asubuhi, vitu vyao vikapakiwa, kitanda, mafiga hata. Nilikuwa jikoni kwangu nikisikia kila kitu kinavyoinuliwa. Kisha nikasikia pumzi nyuma ya makuti, pale nilipofunga kamba.

"Mize."

"Naam, dada."

"Ile siku. Ungeniuliza faragha, ningekudanganya."

Nilishika makuti. Nilitaka kumwambia mengi, na nilichosema ni, "Mtoto mzima?" Akasema mzima. Faki akamwita, sauti laini ile ile, na nyayo zake zikaondoka. Hatukuonana mpaka uzeeni, mara mbili tatu, kwenye harusi za watu, tukaulizana habari za magoti. Faki alikuwa ameshakufa zamani. Mambo yale hatukuyataja hata kidogo.

Pale Gombani juzuu zilikwisha, dua ikaombwa, mikeka ikakunjwa kupisha nafasi ya masinia. Walitukaribisha wanne wanne. Mama yule aliyenihoji alishaanza kunawa. Nikaona mwanamke mnene wa makamo anapita katikati ya watu na sahani moja peke yake, imefunikwa kawa kuukuu. Alikuwa Time, mtoto yule aliyekuwa akilala mgongoni mwa Mwanakombo. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mkono akaubusu.

"Bi Mize, tumechinja mbuzi. Hii yako." Akaweka sahani chini, mbali kidogo na sinia la wengine. "Mama kausia kabla hajazidiwa. Akija Mize, mumuwekee shingo."

Alifunua kawa. Ilikuwa shingo nzima, haikukatwa maungoni, imepikwa taratibu mpaka nyama imeanza kuachana na mfupa, na mvuke wa tangawizi ukanipanda usoni. Mama wa ubavuni mwangu aliacha kunawa akatazama. Nilinyosha mkono, na kabla sijamega, vidole vyenyewe viliigeuza nione upande wa chini. Kisu kilikuwa kimepita mara moja, safi.

Time alikuwa ananitazama. Akacheka kwa mwili mzima, machozi yakamtoka.

"Kasema utaigeuza," alisema.